Kiswahili cha Nani Kimo Ndani ya Kompyuta?



Nitaanza na kitenzi kimoja, kukithiri. Kamusi zetu zinakifafanua kuwa ni kuzidi au kuwa kwa wingi, na hazijakosea. Lakini mgeni anayejifunza Kiswahili akiishika maana hiyo, akamwandikia mwenyeji wake kwamba "ukarimu umekithiri nyumbani kwenu", mwenyeji atatabasamu kwanza ndipo ashukuru. Sarufi iko sawa, maana iko sawa, ila sentensi haijakaa vizuri. Magazetini kinachokithiri ni rushwa, uhalifu, uchafu, ukatili, ubadhirifu wa mali ya umma. Kitenzi kimezoeana na mabaya mno, hata ukikipa jambo jema kinasikika kama kejeli. Mwenziwe ni kukumbwa. Watu hukumbwa na njaa, na mafuriko, na kashfa. Sijapata kusikia aliyekumbwa na harusi.

Nani alitufundisha haya? Darasani hayakufundishwa. Tumeyapata kwa kusikia na kusoma, na tunayajua bila kujua kwamba tunayajua. Ukinishtukiza njiani ukaniuliza maana ya kukithiri, nitakujibu kama kamusi. Tabia ya neno hujitokeza pale tu unapoliona likitumika mara mia kadhaa, na watu tofauti, katika sentensi ambazo hawakuzitunga kwa ajili ya mtafiti. Mkusanyo wa kufanyia kazi hiyo ndio tunaouita kopasi: matini nyingi, za maandishi au za mazungumzo yaliyonukuliwa, zilizohifadhiwa na kupangwa kwenye kompyuta ili zihojiwe. Unaandika neno, na kompyuta inakupangia mistari yote lilimopatikana. Neno lako linakaa katikati, na upande wa kushoto na wa kulia yanakaa maneno machache yaliyolizunguka. Unashusha macho polepole. Baada ya kurasa mbili tatu, kilichokuwa kimejificha kinaanza kujirudia mbele yako.

Aliyelipa jambo hili uzito katika isimu ni John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Alionyesha kuwa kuna vitenzi vya Kiingereza ambavyo watendaji wake karibu kila mara ni mambo mabaya, kama uozo au hali mbaya ya hewa, na kwamba watunga kamusi waliotegemea kumbukumbu zao hawakuliona hilo kwa muda wote walioifanya kazi hiyo. Mwaka 1987 timu yake ilitoa kamusi ya COBUILD, ambayo vidahizo na mifano yake vilitokana na ushahidi wa kopasi.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko umeme. Katika karne ya 13 Hugh wa Saint-Cher, akisaidiwa na watawa wenzake wa shirika la Wadominiko, alitengeneza faharasa ya maneno ya Biblia ya Kilatini. Kwa upande wa Kurani, wanazuoni wengi wanaikimbilia faharasa ya Muhammad Fuad Abd al-Baqi, iliyotoka Misri mwaka 1945: ukilitaja neno, inakuonyesha aya zote lilimo. Kazi kama hizi zilifanywa kwa mkono, neno kwa neno. Ndipo akaja padri Mjesuti wa Italia, Roberto Busa, aliyekuwa akichunguza dhana ya kuwapo katika maandishi ya mwanatheolojia Thoma wa Akwino. Alitarajia majibu yangetoka kwenye istilahi nzito za falsafa. Akagundua kwamba sehemu kubwa ya dhana hiyo imebebwa na kihusishi kidogo cha Kilatini chenye maana ya "katika", neno ambalo hakuna faharasa ya kawaida ingejisumbua kuliorodhesha. Kwa hiyo alihitaji faharasa ya maneno yote, makubwa kwa madogo, na maneno hayo yalikaribia milioni 11. Mwaka 1949 alikwenda New York kumwona Thomas Watson wa IBM, naye akakubali kumsaidia kwa mashine za kadi zilizotobolewa. Kazi ilichukua takribani miaka 30, ikachapishwa katika majuzuu 56.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Katika miaka ya 1960, Henry Kučera na Nelson Francis wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walikusanya sampuli 500 za Kiingereza kilichochapishwa nchini mwao mwaka 1961, kila moja ikiwa na maneno yapata 2,000. Jumla ilikuwa maneno milioni moja, na wakati huo ilionekana kuwa maajabu. Miaka 30 baadaye Waingereza walikamilisha kopasi yao ya taifa yenye maneno milioni 100.

Na sisi je? Kopasi kubwa ya Kiswahili inayotajwa zaidi na wanaisimu inaitwa Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki. Ndiyo, Helsinki, Finland. Aliyeiasisi ni Profesa Arvi Hurskainen. Toleo la kwanza, la mwaka 2004, lilikuwa na maneno yapata milioni 12.5, na la pili, la mwaka 2016, linafika takribani milioni 25. Wapo wanaosononeka kwamba hazina hiyo imewekwa Ulaya. Nawaelewa, lakini nadhani wanaipita sababu moja ya kiisimu, nayo inastahili tuitazame kwa karibu.

Kompyuta, isipofundishwa vingine, inadhani neno ni herufi zilizo kati ya nafasi mbili. Kwa Kiingereza dhana hiyo inakufikisha mbali, kwa sababu kitenzi chao kina maumbo manne au matano. Sasa jaribu kutafuta kitenzi kula katika matini za Kiswahili. Ukiandika kula utapata kula peke yake. Utakosa anakula, hajala, tulipokuwa tukila, watakaolishwa, hailiki. Utasema, basi nitatafuta mzizi. Mzizi wenyewe ni herufi moja, l. Haya, itafute l uone utakachovuna.

Si hayo tu. Chukua sentensi hii fupi: "Waite watoto wale." Anayezungumza anataka watoto wale pale waitwe, au anataka watoto waitwe ili wapate kula? Maandishi hayasemi. Ikifuatiwa na neno wali, sote tunajua chakula kiko mezani. Ikifuatiwa na "wanaocheza barabarani", tunajua ni kioneshi. Mtu hulitatua fumbo hilo bila hata kuhisi kwamba kulikuwa na fumbo. Kompyuta lazima ielezwe hatua kwa hatua: kwanza itaje kila uchanganuzi unaowezekana wa umbo wale, halafu itumie kanuni za muktadha kuondoa usiofaa. Kiswahili kina maumbo ya aina hiyo kwa maelfu. Fikiria wake: ni wingi wa mke, na ni kimilikishi pia, na ukikutana na "wake wake" huna budi kuamua lipi ni lipi.

Kifini nacho ni lugha ya kupachika viambishi juu ya viambishi. Mwanaisimu wa Helsinki aliyekuwa akihangaika na nomino za kwao alikuwa na ugonjwa uleule tulio nao sisi kwenye vitenzi. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi alibuni, katika tasnifu yake hukohuko Helsinki, namna ya kuifundisha kompyuta kuvunja neno lenye viambishi vingi na kurejesha umbo lake la msingi. Hurskainen aliichukua mbinu hiyo akaijengea kanuni za Kiswahili, na kufikia mwaka 1992 alikuwa amechapisha maelezo ya jinsi inavyofanya kazi kwa lugha za Kibantu. Mfumo ulioendelea kukua kutokana na kazi hiyo aliuita SALAMA. Kwa hiyo leo mtafiti anaweza kuomba aonyeshwe vitenzi vyote vilivyotendeshwa vyenye kiima cha ngeli fulani, na asihangaike na nafasi kati ya maneno. Bila kichanganuzi cha namna hii, kopasi ya Kiswahili ni ghala lisilo na mlango.

Nimesema nilichotaka kusema kwa sifa. Sasa nije kwenye kinachonisumbua.

Turudi kwa kukithiri. Nilidai kwamba kitenzi hiki kinaandamana na mabaya. Sikueleza ni wapi. Ukichukua tenzi za kale za mwambao, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, utakutana na kithiri na kathiri zikibeba salamu, neema na shukrani, bila harufu yoyote ya ubaya. Kwa mshairi wa Lamu wa karne ya 19, ukarimu ungeweza kukithiri na hakuna ambaye angetabasamu. Kwa hiyo kauli yangu ya mwanzo ilikuwa kweli kuhusu Kiswahili cha magazeti ya siku hizi, na pengine cha hotuba za viongozi wanaoyasoma magazeti hayo. Niliitoa kana kwamba ni kuhusu Kiswahili chote, nanyi mkanikubalia, maana Kiswahili cha gazeti ndicho tulichozoea kukiita Kiswahili.

Hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa kopasi zetu. Sehemu kubwa ya matini zinazopatikana kwa urahisi ni magazeti, na baada yake vitabu, maandiko ya dini na kumbukumbu za Bunge. Ni vyanzo halali. Lakini gazeti huandikwa na watu wachache waliosoma, kisha hupita kwa mhariri anayejua Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, BAKITA, linataka nini. Kumbukumbu za Bunge nazo husafishwa kabla ya kuchapwa. Ukihesabu maneno humo, unahesabu pia kazi ya wahariri.

Mfano mdogo ni masaa. Walimu wamelifuta neno hili kwa kalamu nyekundu kwa miaka mingi, kwamba saa ni ya ngeli ya I-ZI na wingi wake ni saa hiyohiyo. Redioni, sokoni na kwenye daladala, masaa linaishi kwa amani. Ukiuliza kopasi ya magazeti kama Waswahili wanasema masaa, jibu litakuonyesha ni mhariri yupi alikuwa macho na yupi alisinzia. Sisemi kwamba kopasi ndiyo iamue. BAKITA limekabidhiwa kazi ya usanifishaji tangu 1967, na usanifishaji ni uamuzi wa kijamii, hauletwi na hesabu. Ila baraza au mtunga kamusi anayeamua bila kujua watu wanasema nini, wapi na kwa kiasi gani, anabahatisha.

Na kuna uamuzi wa zamani zaidi unaorudiwa kimyakimya. Mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kimvita na Kiamu, lahaja zilizobeba fasihi nzito ya karne kadhaa, zikawekwa pembeni. Kopasi iliyojazwa matini sanifu inaupitisha uamuzi huo tena bila kikao wala kumbukumbu: lahaja ambazo hazimo zinahesabiwa kuwa hazipo, na kinachotokea mara moja moja kinaitwa kosa.

Kuna matini moja ambayo ningependa kila mwanafunzi wa isimu aione. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, bwana mmoja aliyeitwa André Yav aliandika historia ya mji wake kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho ni lugha ya migodi, ya nyumba za mabwana, na ya watoto waliozaliwa mjini humo. Maandishi yalipigwa taipu, na nafasi kati ya maneno ziliangukia popote: silabi imejitenga na neno lake, maneno mawili yameshikana. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, aliona kwamba haisomeki kwa macho, akamwomba mwenyeji wa Lubumbashi aisome kwa sauti. Iliposikika, ikaeleweka. Mpe maandishi hayo mfumo wowote wa kompyuta uliojengwa juu ya Kiswahili sanifu, na utakuambia kwamba karibu kila neno ni kosa. Mamilioni ya watu wa mashariki na kusini mwa Congo wanazungumza Kiswahili chao kila siku. Katika kopasi zetu kubwa ni kama hawajazaliwa.

Sauti ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Waingereza katika ile kopasi yao ya maneno milioni 100 waliweza kuingiza asilimia 10 tu ya lugha ya mazungumzo, na sehemu yake waliipata kwa kuwapa watu wa kujitolea 124 vinasa sauti vya mkononi wavibebe katika shughuli zao za kila siku. Kurekodi ni rahisi. Kunukuu ndiko kunakochosha, kwa sababu watu huingiliana, hukatisha sentensi, hucheka katikati ya neno. Hapa kwetu, kati ya 1988 na 1992, watafiti wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam na wenzao wa Helsinki walirekodi lahaja na masimulizi katika maeneo mbalimbali ya Tanzania. Huo ulikuwa mwanzo mwema. Nchini Kenya, vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene vimeshirikiana kutengeneza Kencorpus, yenye maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Mradi wa Common Voice wa Mozilla nao umekusanya sauti za Waswahili wa kujitolea. Ni kazi ya maana, ila wengi wao wanasoma sentensi walizoandikiwa, na anayesoma hazungumzi.

Mtu ataniuliza: kwa nini tujitese, ilhali intaneti imejaa Kiswahili cha bure? Swali ni zuri na jibu lake linatisha kidogo. Mwaka 2022 kundi kubwa la watafiti, wakiwemo Waafrika wengi, lilichapisha ukaguzi wa mikusanyo 205 ya lugha mbalimbali iliyozolewa kwenye intaneti kwa mashine. Angalau 15 kati yake haikuwa na maandishi yanayofaa hata kidogo. Mingine mingi ilikuwa na sentensi nzuri chini ya nusu. Kwa lugha kama yetu kuna hatari ya ziada. Tovuti nyingi za biashara zinaandikwa kwa Kiingereza au Kichina kisha mashine inazigeuza. Mashine ikijifunza Kiswahili kutoka kwenye Kiswahili cha mashine, na sisi tukahesabu maneno humo na kutangaza kwamba hivi ndivyo lugha inavyobadilika, tutakuwa tunachunguza tabia za mashine.

Hata pale maandishi yanapokuwa ya watu, lazima uulize ni watu gani. Mkusanyo uliojulikana kama JW300, uliotoka mwaka 2019, ulikuwa na zaidi ya lugha 300, Kiswahili kikiwemo, na wataalamu wa tafsiri ya kompyuta waliukimbilia kwa furaha. Wote ulitokana na machapisho ya dhehebu moja la dini. Baadaye uliondolewa kwa sababu ya hakimiliki. Kwa muda huo wote mifumo kadhaa ya kutafsiri lugha za Kiafrika ilikuwa ikijifunza lugha zetu kwa sauti ya mhubiri mmoja.

Mwanaisimu Noam Chomsky alishasema zamani kwamba kopasi yoyote lazima iegemee upande, na kwamba kutoonekana kwa sentensi si ushahidi kwamba haiwezekani. Wapenzi wa kopasi humkasirikia. Mimi namwona alikuwa na hoja. Hisia ya mzawa bado inahitajika, ndiyo iliyotuambia kwamba "ukarimu umekithiri" ina walakini hata kabla hatujahesabu chochote. Ila hisia hiyo ni ya mtu mmoja wa mahali pamoja. Hisia yangu haijui lolote kuhusu Bukavu, na kuhusu Pemba inajua machache.

Niseme na wanafunzi sasa, kwa kuwa walimu wangu wameshachoka kunisikiliza. Wengi wenu mnarudi kutoka kijijini au mtaani na simu zilizojaa sauti: bibi anasimulia ngano, wavuvi wanapanga bei, vijana wanabishana kuhusu mpira. Mnanukuu kurasa tatu za kiambatisho, mnapata digrii, simu inaharibika au inaibwa, na sauti zinapotea. Msikubali. Kabla hujawasha kinasa, mweleze msemaji kwa lugha anayoielewa sauti yake itakwenda wapi, na upate ridhaa yake. Akikataa, mshukuru uondoke. Akikubali, andika mahali, mwaka, umri wake na lugha nyingine anazozungumza, kwa sababu rekodi isiyo na taarifa hizo itamsaidia mtu mmoja tu, naye ni wewe, na kwa miaka michache tu. Nukuu ulichosikia. Akisema masaa, andika masaa.

Wasimamizi wa tasnifu nao waweke sharti: mwanafunzi asihitimu kabla nakala ya rekodi na nukuu zake haijafika maktaba ya chuo, ikiwa na ridhaa za wasemaji. Wachapishaji na vituo vya redio, ambao maghala yao yana Kiswahili cha miongo mingi, waketi na vyuo wakubaliane masharti ya matumizi ya utafiti ambayo hayatamnyang'anya mwandishi haki yake. Tukingoja fedha kubwa tutangoja sana. Sharti la tasnifu linaweza kuanza muhula ujao.